Maji Hayana Nguvu Nyumba Nzima: Pima kwa Ndoo Kabla ya Kuchimbua Bomba

Nyumba nyingi za Upanga, Ilala, Magomeni na Kinondoni jijini Dar es Salaam zilizojengwa miaka ya 1960 na 1970 zililazwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yale ambayo dukani huitwa GS. Baadhi yake bado yamo ukutani na chini ya sakafu hadi leo, na ukiyatazama kwa nje huoni kasoro. Shida iko ndani. Zinki ikishaliwa, chuma hushika kutu, na kutu hiyo haibaki utando mwembamba. Huota vinundu vinavyosogea kuelekea katikati ya tundu, mpaka bomba la nusu inchi linabaki na nafasi ya kupitisha penseli. Mwenye nyumba anaishia kuoga kwa kopo ilhali shawa aliyoinunua kwa bei inaning'inia juu ya kichwa chake.

Lakini maji kukosa nguvu si lazima liwe kosa la bomba. Kuna watu wamevunja vigae vya bafu zima, wakabadilisha kila kitu, kumbe tatizo lilikuwa valvu moja iliyokatika ndani. Wengine hukimbilia pampu. Pampu iliyofungwa kwenye bomba lililoziba haifungui kitu: hunguruma, hupata moto, na inapovuta moja kwa moja kutoka bomba la mtaa huwanyang'anya majirani maji, na zaidi ya hapo huvuta uchafu kupitia kila ufa uliopo ardhini. Kwa hiyo pampu isubiri. Kwanza tujue maji yanakwamia wapi.

Vipimo viwili vinavyotosha

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Funga koki zote za nyumba. Fungua kikamilifu koki iliyo karibu zaidi na mita, ijaze ndoo, andika sekunde. Hamia koki ya jikoni, kisha ya bafu la mbali kabisa, kisha ya ghorofani kama ipo. Gawanya 1,200 kwa idadi ya sekunde utapata lita kwa dakika: ndoo iliyojaa kwa sekunde 60 ni lita 20 kwa dakika, na hiyo ni koki nzuri. Shawa ya kawaida huridhika na lita 6 hadi 10. Rudia zoezi hilo alfajiri na tena jioni, maana wakati watu wote wanapika na kuoga, presha ya mtaa hushuka hata kama bomba lako ni jipya.

Kipimo cha pili ni presha ya maji yakiwa yametulia. Geji ya presha yenye thredi ya nusu inchi hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya bomba; ifunge kwenye koki ya uani, fungua koki, hakikisha hakuna mtu anayetumia maji ndani, soma. Kama huna geji na maji yako yanatoka kwenye tangi, tumia mpira mrefu unaopitisha mwanga. Ukaze kwenye koki, uinue wima ukutani, na uone maji yanasimama kwenye kimo gani. Presha hupimwa kwa bar, na kila mita 10 za kimo ni bar 1, kwa hiyo maji yakisimama mita 4 juu ya koki una bar 0.4.

Vipimo hivi visomwe pamoja. Geji ikisoma vizuri maji yakiwa yametulia, lakini ndoo inachukua dakika 4 kujaa, basi kuna kizuizi njiani: presha ipo, ila haina pa kupita. Geji ikisoma kidogo hata koki zote zikiwa zimefungwa, basi tatizo liko kwenye chanzo, na ukibadilisha mabomba ya ndani utakuwa umetupa fedha.

Maji ni hafifu hata kwenye koki iliyo karibu na mita

Anza kwa kuuliza jirani. Kama naye analia, ni mgao au kazi za mtaani. Dar es Salaam inategemea sana Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukipungua, kama ilivyokuwa Oktoba 2022, mji mzima huingia kwenye ratiba ya mgao. Nyumba za mwinukoni ndizo za kwanza kukosa, za bondeni ndizo za mwisho. Bomba jipya haliongezi maji ambayo hayajafika mtaani.

Jirani ana maji mazuri, wewe huna? Angalia valvu iliyo kwenye kisanduku cha mita. Mara nyingi ilifungwa nusu na fundi aliyekuja kurekebisha kitu, akaondoka. Kama ni geti valvu ya zamani, izungushe hadi mwisho pande zote mbili huku mtu mwingine akiangalia koki. Mkono ukizunguka bila mabadiliko yoyote kwenye maji, lile geti la ndani limekatika kutoka kwenye shina lake na limedondoka kwenye njia ya maji. Mkono wa juu unacheza, geti limelala chini. Hili ni la kawaida sana kwenye valvu za shaba za miaka mingi, na dawa yake ni kuweka valvu ya mpira wa chuma, ile yenye mkono mfupi unaogeuka robo mzunguko. Ukifunga mpya, chagua yenye tundu pana ndani. Za bei rahisi zina tundu dogo kuliko bomba lenyewe.

Halafu kuna chujio la mita. Mita nyingi zina kichujio kidogo upande wa kuingilia, na bomba la mtaa likipasuka na kutengenezwa, mchanga na kutu hukimbilia humo. Dalili yake ni kwamba maji yalikuwa mazuri jana, kukawa na matengenezo mtaani, leo ni matone. Usiifungue mita mwenyewe. Ina lakiri, ni mali ya mamlaka ya maji, na kuichezea ni kosa kisheria hata kama nia yako ilikuwa kuisafisha. Piga simu, toa namba ya akaunti yako, eleza kwamba presha ya jirani ni nzuri na yako si nzuri. Maelezo hayo huwafanya walete fundi wa mita badala ya kukuambia usubiri mgao.

Yanaanza kwa kishindo, kisha yanalegea

Hii ndiyo dalili ya bomba kuukuu lililojaa kutu, na ukiijua hutaisahau. Unafungua koki, maji yanaruka kwa nguvu kwa sekunde mbili tatu, halafu yanashuka mpaka yanachuruzika. Ukifunga na kusubiri, mchezo unajirudia. Sababu ni kwamba maji yakitulia, presha husawazika bomba zima, hata ng'ambo ya kizuizi. Ukifungua, unatumia presha ile iliyojikusanya upande wako. Ikiisha, unabaki na kile tu kinachopenya kwenye kijitundu.

Ndugu yake ni hii: mtu anaoga, mwingine anafungua koki ya jikoni au anaflashi choo, na shawa inakufa papo hapo. Kwenye bomba lenye afya shawa hupungua kidogo tu. Ikikatika kabisa, ama bomba la kuingilia ni jembamba kwa idadi ya koki, ama limeziba.

Ya tatu ni maji ya rangi ya chai asubuhi, yanayokuwa meupe baada ya ndoo moja. Yamelala usiku kucha ndani ya chuma kinacholika. Lakini hapa uwe makini: yakitoka ya kahawia mchana kutwa na majirani wanaona vilevile, uchafu umetoka bomba la mtaa. Yakiwa ya kahawia kwenye koki moja tu, ni kipande kifupi cha GS kinachokwenda kwenye koki hiyo, hasa ile nipo, kiungo kifupi chenye thredi pande zote mbili, iliyojificha ukutani.

Kutu huanzia kwenye thredi. Fundi alipokata thredi aliondoa zinki, akaacha chuma kitupu, kwa hiyo viungo kama elbo, tii na soketi ndivyo vinavyoziba kwanza wakati katikati ya bomba bado kuna nafasi. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yanavyopatikana sehemu nyingi za mwambao, huharakisha kazi hiyo. Maji ya moto pia. Ndiyo maana nyumba yenye hita ya tangi iliyounganishwa kwa GS mara nyingi hupoteza maji ya moto kabla ya maji baridi.

Ili kujua kizuizi kiko wapi bila kuvunja nyumba, gawanya njia. Tafuta yunioni, kile kiungo kinachofunguliwa kwa spana bila kukata bomba, iliyo karibu na katikati, kwa kawaida pale bomba linapoingia ndani ya nyumba. Funga valvu ya mita, fungua yunioni, weka ndoo, fungua valvu, pima. Kama hapo ndoo inajaa kwa dakika moja na bafuni kwa dakika tano, bomba la nje ni zima na ugonjwa uko ndani. Kama hapo pia inachukua dakika tano, chimba nje na uache vigae vya watu. Nyumba isiyo na yunioni popote italazimika kukatwa bomba mahali fulani; kata pale ambapo utahitaji kuunganisha bomba jipya hata hivyo, ili msumeno usipite bure.

Kipande utakachokitoa kikague dhidi ya mwanga. Kipasue kwa urefu kama una grainda. Mwenye nyumba akikiona kwa macho yake, ule mjadala wa "fundi, si ungeniongezea tangi tu?" huisha hapohapo.

Tangi limejaa, koki haitoi

Kabla ya kulaumu bomba, piga hesabu ya kimo. Maji yakiwa mita 3 juu ya shawa una bar 0.3, basi. Hita za papo kwa papo za kuogea zinahitaji presha ya chini fulani ndipo ziwake, na kiwango hicho kimeandikwa kwenye kibandiko au karatasi yake. Ikiwa imezidi uwezo wa tangi lako, hakuna bomba litakalokusaidia. Kuinua mnara kwa mita 3 zaidi huongeza bar 0.3 nyingine, kwa gharama ya nondo na saruji ambayo mtu aihesabu vizuri kwanza.

Kasoro ninayoiona mara nyingi kwenye matangi ni hii: tangi lina mdomo wa inchi moja au inchi moja na nusu, na fundi ameweka bushi palepale akashusha hadi nusu inchi, kisha nusu inchi hiyo ikashuka mnara mzima na kulisha mabafu mawili, jiko na koki ya uani. Presha ya tangi ni ndogo, kwa hiyo haivumilii msuguano. Shuka na bomba pana hadi chini, punguza mwishoni kabisa, kwenye tawi la kila koki.

Kama maji yalikatika ghafla baada ya tangi kukauka na kujazwa tena, ni hewa. Bomba linalopanda juu ya ukuta au dari kisha likashuka hutengeneza kigongo, na hewa hukaa kileleni. Presha ya tangi haina nguvu ya kuisukuma. Njia ya haraka: unganisha kwa mpira koki inayopata maji ya mtaa na koki iliyokatika, fungua zote mbili, acha maji ya mtaa yasukume hewa irudi tangini, kwa dakika chache tu, na uondoe mpira mara baada ya hapo. Dawa ya kudumu ni kulaza bomba lishuke mfululizo kutoka tangini bila kigongo, au kuweka bomba la kupumulia karibu na mdomo wa tangi, likipanda juu kuliko kimo cha maji.

Tangi halijai usiku kucha

Boya, ile valvu inayofunga maji tangi likijaa. Baadhi ya maboya ya nusu inchi yametengenezwa kwa presha kubwa na tundu lake la ndani ni la milimita 3 hivi. Kwenye mtaa wenye presha ndogo, tundu hilo ndilo linalokunyima maji hata ukibadilisha bomba lote hadi mtaani. Nunua la presha ndogo au la robo tatu. Na kama maji hufika chini vizuri lakini hayapandi mnarani, weka tangi la ardhini, lijae taratibu lenyewe, kisha pampu ivute kutoka humo. Hapo pampu iko mahali pake.

Koki moja tu ndiyo mbaya

Fungua kichujio cha mdomo wa koki, kioshe. Angalia valvu ndogo chini ya sinki na mpira wake wa kuunganisha kama haujapinda. Shawa iliyozibwa na chokaa ilaze usiku kwenye siki. Maji ya moto pekee yakiwa hafifu, safisha kichujio cha kuingilia kwenye hita, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu. Usivunje ukuta kwa ajili ya koki moja.

Mita inazunguka na koki zote zimefungwa

Ni uvujaji, na uvujaji nao hupunguza presha. Funga valvu iliyo baada ya mita. Gurudumu likisimama, tundu liko upande wako. Tafuta majani mabichi kuliko mengine wakati wa kiangazi, ukuta wenye unyevu, au sisteni ya choo inayopitisha maji kimyakimya. Usilichukulie hili kama suala la bili peke yake. Wakati wa mgao bomba la mtaa hubaki tupu, na tundu lililokuwa likimwaga maji nje huanza kuvuta ndani. Bomba kuukuu lililopita kando ya shimo la choo likiwa na kutoboka huko, badilisha leo, na mpaka litakapobadilishwa chemsha maji ya kunywa.

Umeshathibitisha ni bomba. Ununue lipi?

Hapa ndipo watu wengi hupotezea faida ya kazi nzima. Majina ya mabomba hayapimi kitu kimoja. GS ya nusu inchi ina tundu la karibu milimita 16. PPR ya 20 (bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa), ambayo dukani utaambiwa "ndiyo nusu inchi", imepimwa kwa nje, milimita 20. Ikiwa ni ya daraja la presha PN20, ukuta wake ni milimita 3.4, na tundu linabaki milimita 13.2. Mtu ametoa bomba la tundu la 16 akaweka la 13, kwa gharama zake mwenyewe. Ataona nafuu kwa sababu la zamani lilikuwa limeziba, ila hatapata alicholipia. PPR ya 25 PN20 ina tundu la 16.6, hiyo ndiyo nusu inchi ya kweli. Ya 32 ina 21.2, sawa na GS ya robo tatu. HDPE, lile bomba jeusi la plastiki la rola, lina ukuta mwembamba zaidi: la 25 PN16 lina tundu la 20.4, na la 32 lina 26.

Tofauti ya milimita chache inaonekana ndogo mkononi. Kwenye maji si ndogo, kwa sababu kiasi cha maji hupanda kwa kasi kuliko upana wa tundu: ukizidisha upana mara mbili, maji huongezeka zaidi ya mara sita. Nimepiga hesabu kwa kanuni ya Hazen-Williams, kwa njia ya mita 30 yenye bar 1 ya kutumia. GS mpya ya nusu inchi hupitisha kama lita 23 kwa dakika. GS hiyohiyo ikishazibwa na kutu mpaka tundu la milimita 10 lenye mikwaruzo, hutoa chini ya lita 4, yaani ndoo kwa zaidi ya dakika 5. PPR ya 20 hutoa 16. HDPE ya 25 hutoa karibu 50. Ya 32 hufika 95, ila mita ya kawaida ya nyumbani ya milimita 15 haijatengenezwa kupitisha kiasi hicho mfululizo, kwa hiyo hutakiona.

Ushauri wangu basi: kutoka mita hadi nyumbani au tangini, HDPE ya 25 ikiwa umbali ni mita 30 au pungufu na presha ya mtaa si mbaya, ya 32 ikiwa nyumba iko mbali au presha ni ndogo. Ndani ya nyumba, PPR ya 32 iwe shina, 25 iwe matawi ya mabafu, na 20 ibaki kwa kipande cha mwisho kinacholisha koki moja. Tofauti ya bei kati ya 20 na 25 ni ndogo ukilinganisha na ujira wa kuvunja na kuziba ukuta.

HDPE inafaa ardhini kwa sababu inakuja kwenye rola, hivyo unaweza kutoka kwenye mita hadi nyumbani bila kiungo hata kimoja chini ya udongo. Pia inavumilia jua. PPR haivumilii, ikipita ukutani nje au kwenye mnara, ifunike. Kwenye HDPE tumia viungo vinavyolishika bomba kwa nje na kukazwa kwa nati. Vile vya kuchomeka ndani na kubanwa kwa waya hula tundu ulilolinunua.

Fedha zikiwa hazitoshi kwa yote, anza na njia ya mita hadi nyumbani kama kipimo cha yunioni kimeonyesha ni mbovu, kwa kuwa kila tone hupita hapo. Shina la ndani lifuate. Matawi yaje mwisho. Kumbuka tu kwamba presha mpya ikiingia kwenye GS ya zamani hung'oa magamba ya kutu na kuyasukuma hadi kwenye koki na hita, na viungo vilivyooza vinaweza kuanza kuvuja wiki hiyohiyo.

Kazi yenyewe

Laza bomba jipya kwenye njia mpya kando ya la zamani. Nyumba inaendelea kupata maji, nawe unakata mara moja tu siku ya kuunganisha. Mtaro uwe na kina cha nusu mita au zaidi, na uzidishwe pale gari linapopita. Toa mawe, tandaza mchanga chini na juu ya bomba kabla ya kurudisha udongo. Kaa mbali na shimo la choo na chemba; ikibidi kukatiza bomba la maji machafu, bomba la maji safi lipite juu.

Fundi wa PPR mwangalie mikono. Mashine huwekwa nyuzi 260 za Selsiasi, na bomba la 20 huchomwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Anayechoma kwa kukadiria huku akipiga soga huyeyusha plastiki kupita kiasi, akisukuma bomba ndani ya soketi plastiki laini hujikusanya na kuwa pete ndani ya tundu. Nje kiungo kinapendeza, ndani kimebaki na nusu ya njia. Viungo kumi vya namna hiyo vinarudisha shida ileile uliyoilipia iondoke. Mwambie akuchomee kimoja cha mfano, ukikate katikati, mkitazame pamoja. Fundi mzuri hachukii.

Pale chuma kinapokutana na plastiki, tumia kiungo chenye thredi ya shaba, na thredi tepu au katani kwa kiasi. Usiache nipo ya GS ukutani kwa sababu tu imeshika sana. Ndiyo itakayoziba kabla ya kingine chochote.

Jambo moja ambalo fundi bomba wengi hawaliulizi: katika baadhi ya nyumba za zamani, waya wa ethi wa umeme ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Ukiweka plastiki, umekata njia ya umeme kwenda ardhini na hakuna taa itakayozima kukuonya. Tafuta klempu na waya vikiwa vimefungwa kwenye bomba karibu na mita ya umeme au bafuni. Ukiviona, mwite fundi umeme aweke fimbo ya ethi kabla bomba la chuma halijakatwa.

Usifukie kabla ya kujaribu. Jaza bomba, toa hewa yote, na kwa pampu ya mkono ya kujaribia lipandishe hadi mara 1.5 ya presha ya kazi. Geji ikishuka, tafuta kiungo kilicholowa. Baada ya hapo fungua mdomo wa mwisho wa njia, kabla ya kufunga koki na shawa, na uache maji yapige hadi yawe safi. Mchanga na vipande vya plastiki vitoke nje badala ya kuingia kwenye hita. Bomba la zamani likate kabisa na uzibe pande zote mbili. Likiachwa limeunganishwa, maji yatalala humo na kuoza.

Bomba ni jipya na bado maji hafifu

Rudia kipimo cha ndoo kwenye koki zilezile, saa zilezile. Koki ya karibu na mita ikiwa haijabadilika, kizuizi kiko kabla ya bomba lako: valvu ya kisanduku, chujio la mita, au ile njia fupi kutoka bomba la mtaa, ambayo nayo huenda ni GS ya umri uleule na hubadilishwa na mamlaka kwa maombi yako. Ya karibu ikiwa imepona lakini ya bafuni haijapona, kuna kipande cha chuma kimesahauliwa, valvu ya kuzuia maji kurudi imefungwa kinyume na mshale wake, au kiungo kimeyeyushwa. Gusa viungo kimoja kimoja maji yakiwa wazi. Penye pete nyembamba maji hupiga mluzi unaosikika ukiweka sikio. Na vichujio vya midomo ya koki vifungue tena baada ya wiki ya kwanza, kwa kuwa takataka za kazi hufika huko taratibu hata ukiwa umesafisha njia.